Robert Bakewell: Mfuga kondoo mwenye somo kwa wafuga samaki

Mfugaji wa samaki anapovua bwawa lake, akapeleka sokoni wakubwa wote na kuwaacha wadogo waendelee kuzaana, huwa amefanya uamuzi mkubwa bila kujua. Wale wadogo ndio wanaokuwa wazazi wa mavuno yanayofuata. Akifanya hivyo msimu baada ya msimu, bwawa hujaa samaki wanaozaa mapema wakiwa bado wembamba, naye huanza kulaumu maji, chakula au aliyemuuzia vifaranga. Ni kweli kwamba msongamano na uhaba wa chakula hudumaza samaki. Lakini mbegu nayo ina sehemu yake, na mbegu hiyo ameichagua yeye mwenyewe.

Mtu aliyeonyesha nguvu ya uchaguzi huo mapema kuliko wengi hakufuga samaki. Alifuga kondoo, ng'ombe na farasi. Jina lake ni Robert Bakewell, na maisha yake yana mafunzo ya ufugaji na ya biashara pia.

Bakewell alizaliwa mwaka 1725 katika shamba la Dishley Grange, karibu na mji wa Loughborough, jimbo la Leicestershire nchini Uingereza. Ardhi ile haikuwa mali ya familia yake. Walikuwa wapangaji, wakilipa kodi kwa mwenye shamba kizazi hadi kizazi. Lilikuwa na ukubwa wa ekari 440 hivi. Akiwa kijana alisafiri huku na huko kuangalia wenzake wanavyolima na kufuga, na mnamo mwaka 1760, baba yake akiwa ameshazeeka, alishika usimamizi wa shamba lote.

Wakati huo kondoo alithaminiwa zaidi kwa sufu, na ng'ombe kwa maziwa na kukokota jembe. Katika malisho ya pamoja madume na majike walichanganyika, na aliyempanda mwenzake hakujulikana. Hata hivyo, miji ya Uingereza ilikuwa inakua na viwanda vinaanza kuchipua. Watu wa mijini walihitaji nyama. Bakewell aliliona soko hilo, akaamua kutengeneza mnyama wa kulitosheleza: mwenye mifupa midogo, nyama nyingi sehemu zenye bei nzuri, na anayekua haraka kwa majani kidogo.

Njia yake ilikuwa na hatua tatu. Kwanza, alitenganisha madume na majike, hivyo hakuna aliyepandwa bila yeye kupanga. Pili, alipandisha walio bora kwa walio bora, hata kama walikuwa ndugu wa karibu, jambo lililowashangaza wengi, ili sifa aliyoitaka isipotee. Tatu, hakumhukumu dume kwa umbo lake tu bali kwa watoto wake. Madume yake aliyakodisha kwa wafugaji wengine kwa msimu mmoja, kisha akaenda kuwaona watoto waliozaliwa. Dume lililotoa watoto wazuri alilirudisha kwenye kundi lake mwenyewe.

Aidha, hakutegemea mbegu peke yake. Alichimba mifereji ya kumwagilia malisho ili apate majani mengi zaidi. Alihifadhi mifupa na vipande vya nyama ya wanyama wake ndani ya nyumba ili aweze kulinganisha kizazi kimoja na kingine. Wanyama wake walitendewa kwa upole, na wageni waliotembelea Dishley walishangaa kuona mafahali makubwa yakiongozwa na watoto wenye kijiti tu.

Kukodisha dume badala ya kuliuza ndiko kulikobadili biashara yake. Inasimuliwa kwamba mwaka 1760 alikodisha kondoo dume kwa shilingi 17 na peni 6 tu kila mmoja kwa msimu. Mwaka 1789, kondoo dume watatu walimpatia gini 1,200, na gini moja ilikuwa shilingi 21. Mnyama alibaki kuwa wake, kipato kikaingia kila mwaka, na taarifa za ubora wa mbegu zikamrudia bila gharama. Mwaka 1783 wafugaji waliotumia mbegu yake waliunda chama, Dishley Society, kilichokuwa na masharti makali ya namna ya kukodisha na kulinda mbegu hiyo.

Lakini sifa si fedha. Mwaka 1776 Bakewell alitangazwa kuwa amefilisika. Alikuwa ametumia fedha nyingi kuboresha mifugo na shamba, na nyumba yake ilikuwa wazi kwa wageni waliofika kujifunza, wakila na kulala kwake. Wafugaji wenzake walimchangia, naye akasimama tena. Hakuwahi kuoa, dada yake ndiye aliyetunza nyumba. Alifariki Oktoba 1, 1795, akazikwa Dishley.

Kazi yake ilikuwa na kasoro, na mfugaji anapaswa kuzijua. Kondoo wake walikua haraka kweli, lakini nyama yao ilikuwa na mafuta mengi mno, na baadaye ladha ya walaji ilibadilika. Majike yalizaa watoto wachache kuliko kondoo wengine. Ng'ombe wake wa pembe ndefu walinenepa vizuri lakini wakapungukiwa maziwa, na baada ya kifo chake walipitwa na ng'ombe wa pembe fupi, waliokuzwa na wafugaji waliojifunza mbinu zake. Alichagua sifa moja kwa nguvu zote, na nyingine zikaenda bila kuagwa.

Kuna ushahidi mwingine uliotokea baada yake. Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1859, alitaja makundi mawili ya kondoo yaliyotoka kwenye mbegu halisi ya Bakewell, yakafugwa na watu wawili tofauti kwa zaidi ya miaka 50. Hakuna aliyeshukiwa kuingiza damu ya nje. Pamoja na hayo, makundi hayo yalitofautiana kiasi cha kuonekana kama aina mbili za kondoo. Kila mfugaji alikuwa akibakiza wale waliompendeza, bila nia ya kuunda aina mpya, na kondoo wakabadilika.

Hapo ndipo kondoo wa Dishley wanapokutana na sato wa bwawani. Samaki amefugwa kwa muda mfupi kuliko kondoo, kwa hiyo nafasi ya kumboresha bado ni kubwa. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa Norway, wakitumia ujuzi wa ufugaji wa ng'ombe, walikusanya samoni kutoka mito 40 hivi na kuanza kuchagua wazazi kwa kulinganisha familia na familia. Mwaka 1988 mbinu hiyo ilipelekwa Ufilipino kwa ajili ya sato. Kundi la mwanzo liliundwa kwa kuchanganya samaki wa mabwawa ya Asia na sato wa asili kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal. Baada ya vizazi vitano, samaki hao walikuwa wakikua kwa kasi iliyozidi ile ya kundi la mwanzo kwa takriban asilimia 85. Afrika, nyumbani kwa sato, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya mtaji huo wa vinasaba.

Tofauti na Bakewell, wataalamu hao walijihadhari sana na kuzalisha ndugu kwa ndugu. Kwa samaki hatari hiyo huja haraka, kwani jike mmoja wa sato hutoa mamia ya vifaranga, na wazazi wachache wanaweza kujaza bwawa zima na watoto wa familia moja. Vizazi vichache baadaye huanza kuonekana samaki wenye vilema, wanaokua polepole na kufa ovyo. Vilevile, wafugaji wa samoni hawakuishia kwenye ukuaji tu. Baadaye waliongeza umri wa kupevuka, ukinzani dhidi ya magonjwa na ubora wa minofu katika orodha ya sifa wanazochagua.

Kwa mfugaji mdogo, somo ni rahisi. Kama unazalisha vifaranga mwenyewe, chagua wazazi kabla ya kuuza, si baada ya kuuza. Wachague miongoni mwa samaki wa umri mmoja, maana mkubwa anaweza kuwa mzee tu. Tumia wazazi wengi, badilisha madume na wenzako, na andika nani katoka wapi. Kama unanunua vifaranga, hasa wale wa dume tupu, uchaguzi unafanywa na mzalishaji. Muulize wazazi wametoka wapi, wako wangapi, na lini mara ya mwisho aliingiza wapya. Asiyeweza kujibu anakuuzia bahati nasibu.

Jambo la mwisho ni mipaka. Sato aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 amechanganyika na perege wa asili, ambao baadhi yao sasa ni adimu. Usihamishe mbegu kutoka bonde moja la maji kwenda jingine bila kumwona afisa uvuvi, kwa sababu kinasaba kikishapotea ziwani hakuna duka linalokiuza.

Bakewell hakujua lolote kuhusu vinasaba; neno hilo halikuwepo. Alijua tu kwamba anayebaki zizini ndiye atakayekuwa mzazi wa zizi la kesho, akahakikisha anambakiza kwa makusudi. Msimu ujao wa kuvua bwawa, weka ndoo moja pembeni kwa ajili ya wazazi kabla mteja wa kwanza hajafika.