Leakey: yenye kutoka mu udongo, watu wote waione

Ndugu wachimbaji, wamama na watoto, sisi tunajua udongo. Kila siku tunachimba, tunapandisha mawe, halafu hatuyaone tena. Leo tunawaelezea maisha ya mchimbaji mwingine. Huyu hakutafuta shaba. Alitafuta mifupa na vyombo vya watu wa zamani sana. Jina lake Louis Leakey.

Alizaliwa mwaka 1903 Kabete, karibu na Nairobi, mtoto wa wamisionere Waingereza. Alikomaa pamoja na watoto Wakikuyu, akasema lugha yao kama yake. Wakati ule wenye elimu wengi walizani mtu wa kwanza alitoka Azia. Yeye alikataa: ni Afrika. Kuanzia 1931 akachimba Olduvai, kule Tanzania ya leo, miaka mingi, na feza kidogo.

Mwaka 1942, yeye na bibi yake Mary waliona Olorgesailie, inje ya Nairobi, pahali penye mawe mengi yaliyochongwa na watu wa kale. Angeweza kuyapakia yote mu makasha, yaende Ulaya. Hapana. Mengi yaliachwa chini palepale, na mu 1947 pahali pale pakafunguliwa kwa watu wote. Mpaka leo mtoto wa shule anaweza kufika, kusimama na kuona kwa macho yake. Hiyo ndiyo kazi tunayomusifia.

Mwezi wa saba 1959, kule Olduvai, Leakey alikuwa analala mu hema na homa. Ni Mary aliona fuvu lenye kupita miaka milioni moja na nusu. Mwezi uliofuata walilileta huku kwetu, Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakalionyesha mbele ya mkutano wa wenye elimu. Kisha Leakey akazunguka Marekani, akielezea watu wa kawaida mambo ya Olduvai. Fuvu lenyewe likarudishwa Tanzania mu 1965. Leakey alikufa London mu 1972.

Hatufiche mabaya. Wakati wa kesi ya Kenyatta, Leakey alikuwa mkalimani wa korti, na alisaidia serikali ya wakoloni. Mawakili wa Kenyatta walimukataa, akaacha. Tena fuvu lilipewa jina boisei, juu ya Charles Boise, mwenye kutoa feza. Heslon Mukiri, Mkikuyu aliyechimba naye miaka mingi, ni wangapi wanamujua? Sisi wa sendika tunajua habari hiyo: mwenye feza anaandikwa, mwenye kushika piki anasahauliwa.

Sasa tuangalie kwetu. Kule Sanga, kando ya ziwa Kisale, makaburi yalifukuliwa mu 1957 na 1958. Ndani mulikuwa vyungu, vyuma na misalaba midogo ya shaba. Babu zetu waliyeyusha shaba mbele Mzungu hajafika. Watoto wetu wangapi wanajua?

Basi, ndugu, piki yako ikigusa chungu, mufupa ao musalaba wa shaba, simama. Usivunje, usiuzishe mu njia. Uache pale ulipo, uite wenzako, mupeleke habari ku makumbusho ya Lubumbashi. Na siku moja ya kupumzika, tushike watoto mukono, tuwapeleke kule waone. Shaba inaenda mbali. Habari ya babu zetu ibakie kwetu.