Bobby Jones: Bingwa aliyejua wakati wa kuvuka maji na wakati wa kungoja

Hebu jiweke hapa kidogo. Una miaka 21. Umebakisha shimo moja tu, na wewe na mpinzani wako mko sawa, mkwaju kwa mkwaju. Mpira wako umelala kwenye udongo mtupu kando ya nyasi ndefu. Kati yako na shimo kuna maji, na umbali ni kama mita 170. Ukiupiga vizuri, wewe ni bingwa wa Marekani. Ukiupiga vibaya, mpira unazama na taji linazama nao. Unaweza pia kupiga kidogo tu, mpira usimame kabla ya maji, kisha uvuke kwa mkwaju unaofuata. Ungefanyaje?

Aliyesimama hapo Julai 15, 1923, katika uwanja wa Inwood, New York, ni Robert Tyre Jones, ambaye dunia inamjua kama Bobby Jones. Jibu lake tutalifikia. Kwanza ujue safari yake, kwa sababu miaka michache kabla ya siku hiyo angejibu bila hata kufikiri, na pengine angejuta.

Jones alizaliwa Machi 17, 1902, jijini Atlanta, Georgia. Alikuwa mtoto wa kuuguaugua. Familia yake ilipohamia karibu na uwanja wa gofu wa East Lake, kijana akapata shule yake. Hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha. Alimfuata tu nyuma mkufunzi Mskochi, Stewart Maiden, akitazama anavyozungusha fimbo, kisha anakwenda kuiga.

Akiwa na miaka 14 pekee, mwaka 1916, alicheza katika mashindano ya kitaifa ya wachezaji wa ridhaa huko Merion. Watu wakasema huyu ni moto. Kumbe moto wenyewe ndio uliokuwa unamchoma. Kwa miaka saba alizunguka na kipaji chake bila kushinda taji kubwa hata moja.

Shida haikuwa mikono. Shida ilikuwa kichwa. Jones alitaka kila mkwaju uwe kamili, na ulipokosea, alitaka kulipiza papo hapo kwa mkwaju wa ajabu zaidi. Fimbo zilirushwa. Mwaka 1921 fimbo aliyoitupa kwa hasira ilidunda ikamgonga mtazamaji mguuni, na wasimamizi wa gofu Marekani wakamwonya abadilike au akae nje.

Mwaka huo huo alikwenda St Andrews, Scotland, kucheza British Open kwa mara ya kwanza. Katika raundi ya tatu mambo yalimharibikia. Kwenye shimo la 11 mpira ulitua katika mtego wa mchanga, akaupiga, ukakataa kutoka, akaupiga tena. Mwishowe akaokota mpira akajiondoa. Wahenga hawakukosea waliposema hasira za mkizi ni furaha kwa mvuvi. Uwanja ndio uliokuwa mvuvi siku hiyo.

Aibu ile ilimfundisha. Polepole Jones alianza kuona kwamba mpinzani wake hakuwa mtu aliyetembea kando yake. Mpinzani alikuwa uwanja wenyewe, na ile idadi ya mikwaju iliyowekwa kwa kila shimo. Ukicheza dhidi ya mtu, akipiga mbali unataka kupiga mbali zaidi, akibahatisha nawe unabahatisha. Ukicheza dhidi ya uwanja, swali linakuwa dogo na gumu zaidi: kutoka hapa nilipo, mkwaju gani ninaouweza kweli?

Sasa turudi Inwood. Siku moja kabla, Jones alikuwa na taji mkononi, akaliharibu mwenyewe kwa kutumia mikwaju sita kwenye shimo la mwisho. Bobby Cruickshank akamfikia, ikabidi warudi kesho yake kucheza mashimo 18 mengine. Walipofika la mwisho walikuwa bado sawa. Cruickshank alianza vibaya, akalazimika kusimamisha mpira wake kabla ya maji.

Jones angeweza kufanya vivyo hivyo. Lakini alitazama mpira, akachagua fimbo ya chuma, akapiga bila kusitasita. Mpira ulivuka maji ukatua karibu kabisa na shimo. Taji la kwanza likawa lake.

Sasa usiseme kwamba somo ni kubahatisha tu. Tofauti na zamani ni kwamba safari hii hakuwa akilipiza kosa la jana. Mpinzani alikuwa taabani, shimo lilikuwa la mwisho, na mkwaju wenyewe ulikuwa ndani ya uwezo wake. Hayo matatu yalipokutana, tahadhari zaidi ingekuwa woga.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Kati ya 1923 na 1930 alishinda mataji makuu 13, na muda wote huo hakupokea hata senti ya ushindi. Alibaki mchezaji wa ridhaa, akasomea uhandisi, kisha fasihi Harvard, kisha akawa wakili. Mwaka 1925 alijitoza mkwaju wa adhabu baada ya mpira wake kusogea kidogo alipokuwa akijiandaa kuupiga. Mwishowe alipoteza taji hilo la US Open kwa mkwaju mmoja.

Mwaka 1930 alishinda mataji yote manne makubwa ya enzi zake, ya Uingereza na ya Marekani, kwa msimu mmoja. Lakini nataka utazame shimo moja tu la msimu huo. Katika raundi ya mwisho ya British Open huko Hoylake, kwenye shimo la nane, mikwaju miwili ilimfikisha karibu kabisa. Kisha akatumia mitano mingine kutoka hapo. Saba! Jones wa 1921 angeokota mpira akaenda zake. Jones wa 1930 alitembea hadi shimo la tisa akaendelea na kazi, akashinda kwa mikwaju miwili.

Kisha, akiwa na miaka 28, akastaafu. Presha ilikuwa inammaliza, na alijua.

Baadaye alishirikiana na Alister MacKenzie kuunda uwanja wa Augusta National, nyumbani kwa Masters tangu 1934. Shimo la 13 pale linakuuliza swali lile lile la Inwood: kuna kijito mbele, utavuka sasa au utangoja? Tusifiche pia kwamba milango ya Augusta ilikuwa myembamba. Mchezaji Mweusi wa kwanza katika Masters, Lee Elder, aliingia mwaka 1975, Jones akiwa ameshafariki.

Kuanzia 1948 ugonjwa wa uti wa mgongo ulimnyang'anya gofu, kisha miguu. Mwaka 1958 mji wa St Andrews, ule ule alikoondoka kwa hasira, ulimpa heshima ya kuwa raia wake, Mmarekani wa kwanza kuipata tangu Benjamin Franklin. Alifariki Desemba 18, 1971.

Basi Jumamosi ukiwa uwanjani, mpira umeingia kwenye miti na marafiki wanatazama, usikimbilie lile pengo dogo kati ya matawi. Jiulize: katika mikwaju kumi kama huu, ningefaulu mingapi? Kama ni miwili, utoe mpira kando, poteza mkwaju mmoja, endelea. Na kama ni minane, na maji ndiyo pekee yaliyobaki kati yako na shimo, basi piga.