Hasira ya Abraham Lincoln

Abraham Lincoln, aliyezaliwa Kentucky, Marekani, mwaka 1809, hakuwa mpole katika ujana wake. Mwaka 1842 alimdhihaki James Shields gazetini, na Shields akamtaka wapigane. Lincoln akachagua panga. Walikwisha fika uwanjani rafiki zao walipowapatanisha.

Baadaye yalimfika mengi. Mwaka 1850 alifiwa na mwanawe Eddie. Mara mbili, 1855 na 1858, alikosa kiti katika Seneti. Na mwaka 1862, akiwa Rais katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, akafiwa na Willie, mtoto wa miaka 11. Aliyestahimili hayo yote pengine tungedhani hana hasira tena. Alikuwa nayo! Julai 1863 Jemadari Meade alishinda Gettysburg, lakini adui wakavuka mto Potomac salama. Lincoln, sasa mtu wa miaka 54, alighadhibika mno, akaketi akamwandikia Meade barua ya lawama kali. Kisha akaitia katika bahasha, akaandika juu yake kwamba haikupelekwa wala kutiwa sahihi, akaiweka.

Meade aliongoza jeshi lake mpaka vita vilipokwisha mwaka 1865. Barua ile ilionekana katika makaratasi ya Lincoln baada ya kufa kwake.