Grogan: aliyetembea hadi Kairo, akajenga jumba mpakani Taveta

Wafanyabiashara wanaovuka Holili kuingia Kenya siku za soko la Taveta wanakifahamu kilima cha Girigan, hata wale wasiojua jina lake. Kiko nje ya mji, upande wa barabara ya Voi, na juu yake limekaa jumba kubwa ambalo leo ni hoteli. Mgeni akisimama barazani anaiona Kilimanjaro upande wa Tanzania, Ziwa Jipe linalogawanywa na mpaka, na milima ya Taita kwa mbali. Watalii wanaopenda likizo ya kutembea kwa miguu hulala hapo, asubuhi wakaenda Ziwa Chala lililo ndani ya kreta, au Salaita, kilima ambacho Waingereza na Wajerumani walikipigania Februari 1916.

Jumba hilo linaitwa Kasri la Grogan. Jina hilo halikomei Taveta. Mfanyabiashara wa vipuri kutoka Bujumbura, Kigali au Moshi anayefika Nairobi kutafuta injini au gia boksi ya mtumba huelekezwa Grogan, ile mitaa ya mafundi na maduka ya vipuri kando ya Barabara ya Kirinyaga. Barabara yenyewe zamani iliitwa Grogan. Serikali ya uhuru ilibadilisha kibao, mafundi hawakubadilisha mdomo.

Ewart Scott Grogan alizaliwa London mwaka 1874, katika familia yenye fedha na watoto wengi mno. Alisoma Cambridge na kufukuzwa kabla ya kumaliza. Mwaka 1896 alikuwa kusini mwa Afrika akipigana upande wa walowezi katika vita dhidi ya Wandebele, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Aliugua vibaya, akaenda kupumzika New Zealand kwa rafiki yake, na huko akampenda dada wa rafiki huyo, Gertrude Watt. Baba wa kambo wa binti hakumtaka. Alimwona kijana asiye na kazi wala mwelekeo. Grogan akaahidi kwamba atafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya: ataivuka Afrika kutoka kusini hadi kaskazini, ncha kwa ncha.

Kisa hiki cha mapenzi ndicho kinachosimuliwa zaidi, na hotelini kinauzika vizuri. Lakini mtu mmoja hawezi kubeba hema, bunduki, vyakula, vitambaa vya kulipia njia na sanduku la dawa kutoka Beira hadi Mto Nile. Vilibebwa na watu. Grogan na mwenzake, Arthur Sharp, walianza safari pwani ya Msumbiji mwaka 1898 wakiwa na wapagazi, baadhi yao Watonga wa kando ya Ziwa Nyasa. Sehemu za maji walipita kwa vyombo vya majini. Sehemu nyingine zote walitembea, na aliyetembea na mzigo kichwani hakuwa Grogan.

Mwaka 1899 walikuwa Ujiji. Wajerumani walikuwa na boma huko, lakini biashara ya mji ilikuwa bado inakwenda kwa mikono ileile ya zamani: Waswahili, Waarabu, Wamanyema, na watu waliovuka ziwa na chumvi, samaki na mawese. Kwa msomaji wa gazeti hili ni picha isiyo ngeni. Bandari ya Kigoma iko karibu na hapo, na shehena ya Bujumbura na Kalemie bado inapita kwenye maji hayohayo.

Kutoka Ujiji walikwenda kaskazini hadi mwisho wa Ziwa Tanganyika, wakaingia bonde la Ruzizi. Hapa ndipo Grogan alipoikaribia Burundi. Alipita ukingoni tu. Milima ya ndani, kuelekea Gitega na Mutaho, hakuipanda, wala Muyinga hakufika. Nchi hiyo ilikuwa ya Mwami Mwezi Gisabo, aliyewakatalia Wajerumani mpaka mwaka 1903, akatia mkono mkataba wa Kiganda baada ya kushambuliwa. Msafara wa Grogan ulifuata bonde, njia ambayo leo wachuuzi wa Uvira na Bukavu wanaijua kwa idadi ya vizuizi vyake, ukatokea Ziwa Kivu na kupita chini ya volkano za Virunga.

Aliyoyakuta kaskazini mwa Kivu yalimtisha. Vijiji vilikuwa vimevamiwa na wapiganaji waliotoka magharibi, watu wameuawa au wamekimbia. Alieleza hayo katika kitabu chake bila kuficha. Lakini kitabu hichohicho, kilichotoka mwaka 1900 kikiwa na barua ya utangulizi ya Cecil Rhodes, kinawatazama Waafrika kama watu wa kuamrishwa na kuadhibiwa. Ng'ombe wa kijiji walichukuliwa walipokuwa wamemwibia mizigo, na hilo aliliona kuwa haki ya kawaida ya safari.

Sharp aliachana naye Uganda, akarudi kupitia pwani. Grogan aliendelea na kundi dogo kufuata Nile, akapita vinamasi vya Sudan, akapigana na Wadinka, akaishiwa chakula, na akafika karibu na mto Sobat akiwa amechoka kabisa, ambako alimkuta ofisa wa Kiingereza. Alifika Kairo mwanzoni mwa mwaka 1900. Umri wake ulikuwa miaka 25. London ilimpokea kama shujaa, akapelekwa mbele ya Malkia Victoria, na Oktoba mwaka huohuo akamwoa Gertrude.

Maisha yake yangeishia hapo, tungebaki na hadithi ya kijana mkaidi. Ila mwaka 1904 Grogan alihamia Kenya, na huko akaishi miongo mingi. Jambo alilojifunza njiani lilikuwa rahisi: ukifika mapema mahali ambapo reli itapita, ardhi ni rahisi. Akachukua misitu mikubwa ya mbao upande wa Bonde la Ufa. Akanunua kinamasi kando ya Mto Nairobi ambacho wengine walikidharau, mji ulipokua kikawa maduka. Mombasa alijenga gati Mbaraki, ndani ya Kilindini, kisha serikali ikalinunua. Anayesafirisha mzigo leo kupitia bandari hiyo anapita katika hesabu alizozipiga Grogan karne moja iliyopita. Alikuwa na jicho la biashara. Hilo halina ubishi, na sioni sababu ya kulificha.

Lakini kuna Machi 1907.

Grogan wakati huo alikuwa kiongozi wa chama cha walowezi. Wavuta riksho watatu, Wakikuyu, walituhumiwa kuwakosea adabu wanawake wa Kizungu waliokuwa wamepanda riksho. Hakukuwa na kesi. Grogan na wenzake waliwapeleka watu hao mbele ya jengo la mahakama Nairobi, mchana, na mbele ya umati wa Wazungu akawachapa viboko kwa mkono wake. Hakimu alitoka nje kujaribu kuzuia, hakusikilizwa. Mahali palichaguliwa makusudi: walowezi walitaka serikali ione kwamba sheria ya nchi ni wao. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja. Baada ya hapo heshima yake miongoni mwa walowezi ilipanda, na miaka iliyofuata alikaa katika Baraza la Kutunga Sheria kama mmoja wa wasemaji wao wakali. Waafrika walimwita Bwana Chui.

Nimelikaza tukio hilo kwa sababu katika simulizi nyingi za kitalii linapewa sentensi moja, kama doa dogo kwenye shuka. Kwangu mimi ndilo linaloeleza mengine. Mtu aliyevuka Afrika akibebewa mizigo na watu aliowaona kuwa wa kuamrishwa, hakuhitaji kubadilika sana ili afike mbele ya mahakama ile na kiboko mkononi.

Vita vya kwanza vya dunia vilimrudisha upande wa Maziwa Makuu. Aliwatumikia Waingereza kama ofisa wa mawasiliano na Wabelgiji wa Kongo, jeshi lililovuka mwaka 1916 na kuitwaa Rwanda na Burundi kutoka kwa Wajerumani. Gitega ilishikwa Juni mwaka huo. Mipaka tunayopanga foleni leo, Kobero na Kabanga ikiwamo, ilitulia katika mazungumzo yaliyofuata vita hiyo, na Grogan alikuwapo Paris mazungumzo yalipokuwa yakiendelea. Yeye binafsi hakupenda mipaka iliyokata njia ya kusini hadi kaskazini. Ndoto ya Rhodes, nchi moja ndefu ya Kiingereza kutoka Cape hadi Kairo, ilikuwa yake pia. Huwa inatajwa siku hizi katika semina kama mfano wa mapema wa kuunganisha kanda. Ni mfano mbaya. Ilikuwa barabara ya kupitishia mali ya mtu mmoja katika ardhi za wengine.

Mwaka 1928 alifungua Torr's, hoteli iliyokuwa fahari ya Nairobi, kwenye kona ambayo leo ni Kenyatta Avenue na Kimathi Street. Walowezi walicheza dansi humo; Mwafrika aliingia akiwa amebeba trei. Hoteli ilikufa mwishoni mwa miaka ya 1950, jengo likawa la benki.

Miaka ya 1930 alihamishia nguvu Taveta. Nchi ilikuwa kame, lakini chini ya Kilimanjaro kuna chemchemi zisizokauka, na Grogan alijua kusoma maji. Akachimba mifereji, akapanda mkonge katika maelfu ya ekari: Taveta, Ziwani, Jipe. Kwenye Girigan akajenga jumba lake, kuta nene, vyumba vikubwa, kila dirisha limeelekezwa kwenye mandhari. Wafanyakazi wa mkonge walitoka pande zote mbili za mpaka na mbali zaidi. Watu wa Taveta wenyewe walibaki kubanwa kati ya shamba na shamba.

Gertrude alifariki mwaka 1943. Grogan alitoa ardhi ya Muthaiga, na mwaka 1947 hospitali ya watoto ikafunguliwa kwa jina lake, Gertrude's, ambayo bado inatibu watoto wa Nairobi na wa nchi jirani. Hilo nalo ni lake. Aliendelea na siasa hadi mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 81, akipinga karibu kila hatua iliyowasogeza Waafrika kwenye madaraka. Uhuru ulipokuja alikuwa mzee sana. Aliuza, akahamia Afrika Kusini, akafariki Cape Town Agosti 1967. Alikuwa na miaka 92.

Jumba la Girigan lilichakaa kwa miaka mingi, kabla ya kukarabatiwa na kufunguliwa kama hoteli. Wazo hilo si baya. Nyumba za kikoloni zinazogeuzwa nyumba za wageni ziko Lushoto, ziko Naivasha, na watembezi wa Ulaya wanazilipia vizuri. Nchini Burundi nako milima ya Gitega na Muyinga ina vijia vya kutosha kutembea siku tano bila kurudia njia, kuanzia Mutaho penye migomba na kahawa hadi kwenye mbuga ya Ruvubu. Kinachokosekana ni mahali pa kulala pazuri na mtu wa kusimulia. Anayefikiria kuweka fedha zake huko ana la kujifunza Taveta, na si katika kupanga vitanda tu.

Kilicho chini ya kilima hakionekani vizuri kutoka barazani. Mashamba ya mkonge yalipouzwa hayakurudi kwa waliokuwa wakiishi juu yake. Yalipita kutoka mkono mmoja mkubwa kwenda mwingine, na hadi leo ardhi ndiyo kesi, ndiyo siasa, ndiyo ugomvi wa kila uchaguzi Taveta. Familia zimezaliwa na kuzikana kwenye viwanja ambavyo karatasi zake ziko kwa mtu mwingine. Mama anayeleta ndizi sokoni Jumatano anaweza kuwa analima kwenye ardhi asiyoruhusiwa kuweka rehani, hivyo benki haimkopeshi, hivyo ananunua mtaji wake kwa mkopeshaji wa mtaani kwa riba inayomla. Mteja wake wa Holili anashangaa kwa nini hana stoku ya kutosha.

Hoteli haikuleta hali hiyo na haiwezi kuimaliza. Inaweza kuisimulia. Mwongoza watalii anayewapeleka wageni Salaita na Chala anapita katikati ya mashamba hayo, na ana saa tatu za kutembea za kueleza Grogan alipata wapi ardhi, nani waliomchimbia mifereji, na nini kilitokea mbele ya mahakama Nairobi. Wageni wanaotembea kwa miguu si wageni wa haraka. Wengi wao huuliza.

Maji ya chemchemi bado yanashuka. Mkonge ulipopungua, wakulima wadogo waliyaelekeza kwenye migomba na mboga, na hizo ndizo zinazopakiwa alfajiri kuelekea Mombasa na kuvuka kwenda Moshi. Grogan aliyaita maji yake.