Muhamadi Kijuma: Uzee Uliokuwa Chuo

Katika Kiamu, neno chuo lina maana mbili: mahali pa kusomea na kitabu chenyewe. Maana zote mbili zinamwafiki Muhamadi bin Abubakar bin Omar al-Bakari, maarufu kwa jina la Kijuma, aliyezaliwa Lamu yapata mwaka 1855. Alikuwa mshairi, mnakili wa tendi, mchongaji na mwanamuziki. Mapenzi yake ya ngoma na ushirikiano wake na wamishenari havikuwaridhisha baadhi ya wakubwa wa mji. Hata hivyo, hakuna aliyeukana ustadi wa mkono wake.

Kinachostahili kuzingatiwa ni kwamba sehemu kubwa ya kazi tunayomkumbukia ilifanyika baada ya ujana kumtoka. Utenzi wa Fumo Liongo aliuandika mwaka 1913, akikaribia miaka 60. Miongoni mwa waliojifunza kwake ni Alice Werner, msomi wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1859. Huyu naye alikuwa amekwisha kupita miaka 50. Hivyo mwalimu na mwanafunzi wote wawili walikuwa watu wazima, na hakuna aliyeona haya.

Katika miaka ya 1930, Kijuma alimnakilia tungo William Hichens. Mwaka 1936 Ernst Dammann na mkewe Ruth walifika Lamu. Dammann alikuwa na umri wa miaka 32, Kijuma yapata 80. Mzee hakujitetea kwa uchovu. Alinakili, akafafanua msamiati wa kale, akasahihisha. Kumfafanulia mgeni lugha ambayo mtu ameizoea tangu utotoni ni kujifunza upya. Hapana shaka kwamba mwalimu huyo naye alikuwa akisoma. Mkusanyo wa Dammann wa tungo za Kiamu ulichapishwa mwaka 1940.

Kijuma alifariki mwaka 1945, akiwa na umri wa takriban miaka 90. Leo miswada yake mingi imehifadhiwa London na Ujerumani. Jambo hilo linatia uchungu, lakini sababu yake i wazi: walioketi mkekani pa mzee ndio walioondoka na vyuo. Kijuma alitimiza wajibu wa uzee, yaani kutoa alichokuwa nacho maadamu mkono ungali unashika kalamu. Wajibu wa kwenda kumsikiliza mzee aliye hai ni wa vijana, nao hauna muda mrefu wa kusubiri.