Krapf Alikuwa Mwanafunzi Kabla ya Kuwa Mwalimu

Kwa muda mrefu jina la Johann Ludwig Krapf limefungamanishwa na mlima katika madarasa yetu. Mwanafunzi akiulizwa Krapf alikuwa nani, aghalabu hujibu kwamba ndiye aliyeuvumbua Mlima Kenya mwaka 1849. Jibu hilo lina kasoro mbili. Kwanza, mlima ule haukuwa umepotea hata uhitaji mvumbuzi. Wakikuyu, Waembu, Wameru na Wakamba walikuwa wakiutazama vizazi na vizazi, na Krapf mwenyewe alikwisha kusimuliwa habari zake na Kivoi, kiongozi na mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani, kabla ya kuuona kwa macho yake tarehe 3 Desemba mwaka huo. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, jibu hilo linaiacha kando kazi inayomstahilisha kukumbukwa na kila anayesomesha Kiswahili.

Wazo hili lilinikaa moyoni nilipokuwa ziarani Ujerumani. Mimi na rafiki yangu, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili, tulitenga siku moja tukapanda gari la moshi kutoka Stuttgart hadi Tübingen, mji mkongwe ulio kando ya mto Neckar. Chuo kikuu cha mji huo kilianzishwa mwaka 1477, zaidi ya miaka 20 kabla ya Vasco da Gama kutia nanga Mombasa. Vichochoro vyake vya mawe hupanda kuelekea ngome iliyo kilimani, na nyumba zake za mbao na chokaa zimesongamana kama zinazonong'onezana. Wageni wengi huenda huko kuutazama uzuri huo. Sisi tulitaka kwanza kwenda kwa miguu hadi Derendingen, ambayo siku hizi ni sehemu ya Tübingen, lakini zamani ilikuwa kijiji cha wakulima. Ndiko alikozaliwa Krapf tarehe 11 Januari 1810.

Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 hivi, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa lililotendwa na mwingine, akaugua kwa miezi kadhaa. Kitandani hakuwa na la kufanya ila kusoma, na kusoma huko kukamwamshia kiu ya elimu. Baadaye alipata nafasi katika shule ya Kilatini ya Tübingen. Huko aliitazama ramani ya Afrika, akashangaa kuona upande wa mashariki hauna majina mengi. Ramani ile ilikuwa na nafasi tupu kwa sababu waliyoichora hawakujua. Waliokuwa wakiishi huku walikuwa na jina la kila mto na kila kilima.

Alisomea uchungaji, kisha mwaka 1837 akatumwa Uhabeshi na jumuiya ya kimisionari ya Kanisa la Uingereza. Alipozuiwa kuendelea huko, aliteremkia pwani yetu. Mwaka 1844 alifika Unguja, akapewa barua na Sayyid Said ya kumtambulisha, akaenda kukaa Mombasa. Julai mwaka huo homa ilimwua mkewe, Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa. Mwanamume aliyepatwa na msiba wa namna hiyo ugenini angalisamehewa kama angalirudi kwao. Krapf alibaki, na mwaka 1846 alihamia Rabai pamoja na mwenzake, Johannes Rebmann.

Tangu miezi ile ya kwanza alikuwa amejitia katika kujifunza Kiswahili. Alipoanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo, alisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Hebu tulitafakari jambo hilo: mchungaji wa Kikristo ameketi mbele ya mwanachuoni wa Kiislamu, akiuliza neno hili lina maana gani na lile hutumiwaje. Katika kikao hicho, mwalimu alikuwa nani na mwanafunzi alikuwa nani?

Mwaka 1850, alipozuru kwao, Krapf alitoa kitabu cha kueleza sarufi ya Kiswahili, pamoja na kingine cha msamiati wa lugha sita: Kiswahili, Kinyika, Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kioromo. Vyote viwili vilipigwa chapa Tübingen. Tuliposimama juu ya daraja la Neckar, rafiki yangu alinikumbusha kwamba maneno ya bibi zetu yalipangwa kwa herufi za risasi katika mji ule, miaka 35 kabla ya Wajerumani kudai hata shibiri moja ya ardhi yetu. Sikujua nifurahi au nisikitike.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Krapf alikuwa na dhambi za zama zake. Alizidharau dini alizozikuta, na aliyapendelea maandishi ya Kirumi ilhali Waswahili walikuwa na fasihi yao iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Hata hivyo, ndiye aliyepeleka Ujerumani mswada wa Utenzi wa Tambuka, ambao umehifadhiwa Halle. Aliondoka Rabai mwaka 1853, akarejea kwa muda mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanzisha kituo cha Ribe. Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, karibu na Stuttgart, akiikamilisha kamusi yake ya Kiswahili. Tarehe 26 Novemba 1881 alikutwa amekufa, amepiga magoti kando ya kitanda. Kamusi hiyo ilitoka London mwaka uliofuata, ikiwa na kurasa zaidi ya 400.

Walimu wenzangu, kamusi haitungwi na mtu mmoja. Nyuma ya kila neno katika kurasa zile yupo mvuvi, mama wa nyumbani, mkulima wa Rabai au mwanachuoni wa Mombasa aliyeulizwa akajibu. Jina lililobaki kwenye jalada ni la aliyeshika kalamu. Hilo si kosa la Krapf pekee. Ni funzo kwetu tulio na kalamu leo na bado hatuandiki. Wazee wangaliko wanaojua majina ya pepo za bahari, ya samaki na ya miti ya dawa. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyewahi kuketi mbele ya mzee akiwa na daftari hana haki ya kulalamika kwamba lugha yake iliandikwa na mgeni.

Basi tunapomfundisha Krapf, mlima tuuache kwa wenyewe. Tuwaeleze vijana kwamba palikuwa na mtoto wa mkulima aliyekubali kufundishwa na mababu zao, akaandika kila alichosikia.