Thomas More: Mume Aliyemtii Mungu, na Mke Aliyelipa Gharama



Ni rahisi kumtii Mungu wakati karo imelipwa na unga umo ndani. Taabu huanza pale utii wa mmoja unapoleta njaa kwa nyumba nzima. Mume anakataa kutia sahihi hesabu za uongo kazini, anafutwa, na jioni ni mke anayeulizwa na watoto chakula kiko wapi. Je, utii huo ni wa mume peke yake? Leo tutazame maisha ya Mtakatifu Thomas More na mkewe Alice.

Thomas alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1478. Katika ujana wake aliishi miaka ipatayo minne karibu na watawa Wakartusi, akisali na kuutafakari wito wake. Mwishowe alitambua kwamba Mungu anamwita katika ndoa. Alimwoa Jane Colt, wakajaliwa watoto wanne: Margaret, Elizabeth, Cecily na John. Jane alifariki mwaka 1511, akaacha watoto wadogo. Muda si mrefu Thomas alimwoa Alice Middleton, mjane mwenye binti. Alice alikuwa mwanamke hodari wa nyumba, tena msema wazi, na ndiye aliyewalea watoto wa Jane.

Mwaka 1529 Thomas alikuwa mbali kwa kazi ya mfalme alipopata habari kwamba ghala zao za nafaka zimeungua, na moto umeteketeza pia nafaka za majirani. Alimwandikia Alice barua. Alimwomba aende kanisani na jamaa yote wamshukuru Mungu kwa alivyowapa, kwa alivyotwaa na kwa alivyowaachia. Kisha aulize kila jirani amepoteza kiasi gani, wamlipe, hata kama nyumbani kwao hakitabaki kijiko. Wala asimfukuze mtumishi yeyote kabla hajapata pa kwenda.

Mwezi uliofuata alifanywa Chansela wa Uingereza, mkuu wa sheria chini ya Mfalme Henry wa Nane. Lakini mfalme alitaka ndoa yake na Malkia Catherine ivunjwe ili amwoe Anne Boleyn. Papa hakukubali, naye mfalme akaanza kujitwalia mamlaka juu ya Kanisa. Mwezi Mei 1532 Thomas alijiuzulu.

Hapa tuseme ukweli. Alice aliipata habari hiyo kanisani baada ya Misa, mambo yakiwa yamekwisha, tena kwa mzaha wa mumewe. Mtakatifu naye alikuwa binadamu. Katika hilo tusimwige. Lakini baadaye alifanya jambo jema. Aliwaita watoto wake wote, akawaeleza mapato yaliyobaki, akataka shauri lao jinsi ya kuendelea kuishi pamoja. Walipunguza matumizi hatua kwa hatua. Wakati wa baridi waliwasha magugu makavu, wakaota pamoja kabla ya kulala.

Mwezi Aprili 1534 Thomas aliitwa kula kiapo. Alikuwa tayari kuwakubali watoto wa Anne kuwa warithi wa ufalme, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la sheria za nchi. Lakini maneno ya kiapo yaliikana ndoa ya kwanza na mamlaka ya Papa. Alikataa, akafungwa katika gereza la Tower, London.

Alice alipomtembelea alimkemea. Hakuelewa kwa nini mtu mwenye akili akubali kukaa na panya katika chumba kichafu, hali kule Chelsea ana nyumba nzuri, bustani, mke na watoto, na anaweza kurudi kwa kusema neno moja tu. Thomas alimjibu kwa upole kwamba hata chumba kile hakiko mbali na mbingu kuliko nyumba yao.

Alice hakushawishika. Lakini angalieni alichofanya. Aliendelea kulipa shilingi 15 kila juma kwa chakula cha mumewe na mtumishi wake gerezani. Fedha zilipokwisha, aliuza nguo zake. Aliwaandikia wakubwa akimwombea huruma. Hakuuelewa utii wa mumewe, lakini alikitii kiapo chake mwenyewe cha ndoa.

Thomas naye hakulazimisha dhamiri ya mtu. Bintiye Margaret alikula kile kiapo kwa kuongeza kwamba ni kadiri sheria ya Mungu inavyoruhusu, akamsihi baba yake naye ale. Baba alikataa, lakini hakumlaumu wala hakuacha kumpenda.

Thomas alikatwa kichwa tarehe 6 Julai 1535. Mali yake ilitwaliwa na serikali. Papa Pius wa 11 alimtangaza mtakatifu mwaka 1935, na mwaka 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimfanya msimamizi wa viongozi wa serikali na wanasiasa. Alice hakutangazwa. Hata hivyo, kila chakula alicholetewa mfungwa yule kilikuwa na jasho lake.

Ndugu zangu, utii mkubwa wa gerezani ulianzia katika utii mdogo wa ghala. Anayemlipa jirani mahindi yake leo anajizoeza kwa siku iliyo ngumu zaidi. Nawe unayetaka kumtii Mungu katika jambo zito, mweleze mwenzako mapema, maana mzigo mtaubeba wawili. Nawe usiyeuelewa uamuzi wa mwenzako, sema wazi kama Alice, lakini usimwache peke yake.

Jioni hii, watoto wakishalala, ulizaneni:

1. Je, kuna uamuzi wa dhamiri ninaokuficha kwa kuogopa utakavyosema?
2. Kipato chetu kikipungua kwa sababu ya ukweli, tutaanza kupunguza nini?
3. Tunapotofautiana, je, bado tunatunzana?

Kisha salini pamoja Baba Yetu, mkitulia kidogo mnapofika mahali tunapoomba mapenzi yake yatimizwe.